Kikundi cha urithi Pangani: tufungue makumbusho, au kuna kazi ya kufanya kabla?

#1 Kivuko_Bweni

Wadau, salaam.

Tuko 14, wengi wa Pangani mjini na watatu wa ng'ambo, Bweni. Tunaunda kikundi cha kutunza historia ya mji: Boma, maghala ya mtoni, maduka ya Uhindini, milango ya nakshi, makaburi ya kale, na karatasi zilizolala masandukuni mwa watu. Mpango uliopo mezani ni kupata chumba kimoja, kukusanya vitu na kufungua makumbusho ndogo. Mfukoni tuna michango ya shilingi milioni 1 na laki 8.

Ninayouliza: tusajili wapi? Vitu tuvikusanye kwa utaratibu gani? Na kuna nyumba moja ya mawe ambayo wenyewe wameridhia tuwatengenezee ukuta wa mbele. Fundi amepiga hesabu, anasema mifuko 12 ya saruji inatosha. Ukuta ni mita 6 kwa 4, umebanduka lipu karibu wote.

#2 Daftari_Kwanza

Saruji niwaachie wenyewe, watakuja hapa na mapanga. Mimi nijibu la makumbusho.

Chumba cha makumbusho kiwe cha mwisho. Kikundi kinachoanza kwa kukusanya vitu, mwaka haupiti kimeshakuwa stoo. Sinia la shaba likitoka nyumbani kwa mtu bila maandishi, siku hiyohiyo limeshakuwa sinia tu: hakuna anayejua lilikuwa la bibi harusi gani wala lilikaa chumba kipi. Halafu aliyelitoa akifariki, watoto wanakuja kulidai. Mlipewa au mliazimwa? Risiti iko wapi?

Anzeni na daftari la mji. Gaweni mji kwa mitaa, mtembee wawili wawili, mmoja anapima na kupiga picha, mwingine anaandika. Kila jengo lipate namba yake, mfano PGN-UH-014, yaani Pangani, Uhindini, jengo la 14. Namba ibaki kwenye karatasi, asije mtu akaichora ukutani kwa rangi. Ukurasa mmoja wa A4 kwa jengo unatosha: majina yote ya nyumba (la zamani na la sasa), nani anakaa, nani ana haki nayo, ghorofa ngapi, upana wa mbele, unene wa ukuta ukipimia mlangoni, paa ni la nini, mlango ni wa aina gani, na maji yanaingilia wapi. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau na ndicho cha maana kuliko vyote.

Picha zisipungue tano: mbele nzima, pembe mbili, mlango, na palipoharibika pakiwa na rula au futi ndani ya picha. Dari mkiruhusiwa. Jozi ikizoea inamaliza jengo moja kwa dakika 40 hadi saa nzima. Watu 14 ni jozi 7. Kila jozi ikifanya majengo 3 Jumamosi, mna majengo 21 kwa siku, na majengo 100 yanaisha kwa Jumamosi 5. Gharama yake ni penseli, madaftari na futi kamba ya mita 30.

Mahali watu wanapoharibu ni kwenye mwaka wa kujengwa. Mwenye nyumba atakwambia "hii ina miaka 300" na karani anaandika 300. Andika unachoweza kukionyesha: "ipo kwenye picha ya wakati wa Mjerumani", basi jengo ni la kabla ya 1916. Kama ni kauli ya mtu, andika ni kauli ya nani na ya tarehe gani. Usichanganye viwili hivyo kwenye mstari mmoja.

#3 Hati_na_Muhuri

Usajili una milango miwili mikubwa. Chama cha kijamii kinasajiliwa kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Vyama, Sura 337. Idadi inayotakiwa ni watu 10 au zaidi, kwa hiyo nyie mmevuka. Au mnakwenda kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Kwa kikundi cha mji mmoja, nendeni kwanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Halmashauri na rasimu ya katiba na muhtasari wa mkutano uliosainiwa na wote. Yeye ndiye atakayewaambia njia ipi inawafaa, na barua yake ya utambulisho mtaihitaji vyovyote vile.

Chama peke yake hakishiki ardhi wala nyumba vizuri. Siku mkipewa jengo, sajilini Bodi ya Wadhamini RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini) chini ya Sura 318, hati iandikwe kwa jina la bodi. Hati ikiandikwa kwa jina la mwenyekiti "kwa muda tu", mjue mmeshampa mwenyekiti nyumba, naye hata kama ni mwaminifu, warithi wake hawakuwa kwenye mkutano wenu.

Kifungu ambacho kila katiba ya namna hii inakisahau: kikundi kikifa, vitu vinakwenda wapi? Andikeni mapema, vya kuazimwa virudi kwa wenyewe, vya kupewa viende Makumbusho ya Taifa au taasisi nyingine ya umma mtakayoitaja kwa jina.

Sasa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kwa sheria hiyo jengo lililojengwa kabla ya 1863 ni mnara wa kumbukumbu, yaani jengo la kihistoria, kwa umri wake tu, bila kusubiri tangazo. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 nacho ni cha kale. Na mlango au fremu ya mlango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa, hakitoki nchini bila leseni. Kwa hiyo akija mtu kununua mlango, msijifanye madalali hata kwa nia njema ya kuuokoa. Pigeni picha, pimeni, andikeni, mjulisheni Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Na msichimbe. Hata shimo la nusu mita la "kutafuta msingi wa zamani" linataka leseni, na kile kifaa cha kutafutia vyuma ardhini kisionekane kabisa kwenye shughuli za kikundi.

#4 Chokaa_Baridi

Nimeona mifuko 12 ya saruji nikaweka chai chini.

Ukuta wa mji huo ni jiwe la matumbawe limeshikwa kwa chokaa na udongo, unene sentimita 50 hadi 60. Unanywa maji kutoka chini na kutoka kwenye mvua, kisha unayatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukiuvisha saruji maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inatanuka, na baada ya masika machache lipu inabanduka kipande kizima ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Pitieni mtaa mkigonga kuta zenye saruji kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, jueni nyuma yake jiwe limeshakuwa unga.

Kabla ya kununua chochote, tafuteni maji yanatoka wapi. Anzieni juu: bati lililotoboka, gata iliyoziba, kichwa cha ukuta kilicho wazi. Kisha shukeni chini. Miji hii barabara imepandishwa mara nyingi, ardhi ya nje sasa iko juu kuliko sakafu ya ndani, ukuta umekaa ndani ya beseni. Chimbueni kando ya ukuta hadi ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa sentimita 20 hivi, maji yaelekezwe barabarani. Msifuate chini ya hapo, msije mkafukua msingi. Mkifanya haya mawili tu bila kugusa lipu, nusu ya kazi imekwisha.

Saruji ya zamani itoeni kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, mkianzia palipolia tupu. Mahali iliposhika kwelikweli iacheni, kuilazimisha kunavunja jiwe. Ukuta ukishakuwa uchi, upigeni brashi kavu, chumvi ikusanyeni kwenye karai mkaitupe mbali, msiifagilie chini hapohapo ikarudi ukutani na mvua ya kwanza. Acheni ukauke kiangazi kizima. Najua mwenye nyumba atalalamika kwamba nyumba yake inaonekana gofu. Mwambieni mapema.

Hesabu ya ukuta wenu: mita 6 kwa 4 ni 24 za mraba, toeni mlango na madirisha kama 4, zinabaki 20. Lipu ya milimita 25 kwa jumla, na ukuta wa matumbawe haujanyooka, kwa hiyo ongezeni robo. Mnahitaji mchanga kama lita 650 na uji mzito wa chokaa kama lita 215, yaani pipa moja na ndoo moja. Kwa chokaa ya mfuko wa kilo 25 ni mifuko 6. Uwiano ni 1 kwa 3, mkipima kwa ndoo. Koleo zina matumbo tofauti, asije mtu akapimia koleo.

Chokaa ya mfuko iwe ya karibuni na iwe kavu. Ikiwa na mabonge ndani, imeshavuta hewa na haishiki tena. Ilowekeni kwenye pipa, maji yasimame juu yake vidole vinne, siku 7 kwa uchache, mwezi ni bora zaidi. Mkipata chokaa ya tanuri ambayo haijazimwa, wekeni maji kwanza kwenye pipa la chuma kisha mtie mawe ya chokaa kidogo kidogo. Mkigeuza mpango mkamwagia maji juu ya chokaa inalipuka usoni. Miwani na glavu, watoto mbali, na hiyo ikae miezi 3.

Mchanga uwe wa mtoni juu kabisa, mbali na maji ya bahari. Mto Pangani mdomoni una chumvi, mchanga wa hapo ni kama mmeinunua chumvi wenyewe. Uonjeni kwa ulimi, sitanii. Kisha tieni mchanga nusu chupa na maji, tikiseni, subirini saa moja. Tope likikaa juu kwa unene unaozidi kidole kimoja, uosheni au mtafute mwingine.

Kupiga: lowesheni ukuta jana yake na asubuhi tena. Koti la kwanza milimita 10 hadi 12, lirushwe kwa mwiko liingie kwenye mashimo, usilipake kama siagi. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya matumbawe. Lichorwe mistari ya kukatana likiwa bado bichi. Subirini siku 7 hadi 10. La pili unene uleule, la mwisho milimita 3 hadi 5. Muda wote huo funikeni magunia ya katani yaliyolowa, yasiguse ukuta, mkiyanyunyizia mara tatu kwa siku. Chokaa haikauki ikawa ngumu, inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa taratibu ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua kwa siku mbili inabaki unga milele.

Mwisho ni chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, ikichujwa kwa kitambaa, koti 4 au 5, kila siku koti moja juu ya ukuta uliolowa. Mkiona koti moja limefunika vizuri, ni zito mno na litapukutika. Rangi ya mafuta na ile ya plastiki zisisogee hapo.

Msimu: kazi ianze mvua za masika zikishakata, Juni kuendelea. Kipindi cha kaskazi jua kali linawashinda magunia.

#5 Mzee_wa_Saiti

Nawaheshimu ila mnaongea habari za wafadhili. Fundi wa mtaani hajui kungoja siku 10 kati ya koti na koti, kibarua chake ni cha siku. Weka mchanganyiko, saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Inashika haraka, inapumua kiasi, kila mtu anakwenda kula.

#6 Chokaa_Baridi

Mzee wangu, suala la kibarua una haki na ndilo linaloua kazi nyingi. Dawa yake ni kupanga kuta tatu kwa mzunguko: Jumatatu nyumba hii, Jumatano ile, wiki ijayo mnarudi ya kwanza. Fundi analipwa kwa mita ya mraba ya kila koti, anaporudi koti la pili analipwa tena. Magunia wanamwagia wanakikundi wenyewe.

Kuhusu 1:1:6, kwenye tofali la saruji sina ugomvi nayo. Kwenye matumbawe bado ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na ukuta ukicheza kidogo kilicho laini ndicho kinachovunjika. Tunataka lipu ivunjike, jiwe libaki. Saruji pia huleta chumvi zake. Mkitaka ishike mapema sehemu ya chini inayopigwa na maji, tieni unga wa tofali la kuchoma uliochekechwa: chokaa 1, mchanga 2 na nusu, unga wa tofali nusu. Tofali liwe limechomwa kwa moto wa wastani. Lililoungua likawa jeusi halifanyi kazi hiyo.

#7 Boriti_Nane

Wa Unguja hapa. Mmeongelea ukuta, hamjatazama juu.

Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, mita 2 na nusu hadi 2.8 hivi, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na mti huo ndio unapofikia. Juu ya boriti kuna mawe bapa, juu yake zege la chokaa na kokoto za matumbawe ambalo unene wake unaweza kufika sentimita 30 au 40. Ni mzigo. Kila kizazi kinachorekebisha paa linalovuja kwa kuongeza tabaka jingine juu kinaongeza mzigo uleule.

Boriti huoza kichwani, pale inapoingia ukutani, si katikati. Chukueni bisibisi mchome kila kichwa. Ikizama zaidi ya sentimita 1, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati inalia kama chuma. Dari ikishapinda msiingie kupima, simamisheni kwanza nguzo na ubao wa kupokea mzigo, kutoka upande wa mlango mkielekea ndani. Beit al-Ajaib, jumba la hapa Unguja la 1883, sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, watu 2 wakafariki. Lile ni jumba la serikali lenye wataalamu. Nyumba ya mtaani ina nini?

Boriti mpya ikatwe ndefu: chumba cha mita 2.7 kinataka mti wa mita 3.1, ili kila kichwa kikae ukutani kama sentimita 20. Kichwa kiachiwe nafasi ya hewa pande zote, kisisakafiwe kwa saruji. Mikoko haikatwi bila kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), mtunze risiti kwenye faili la jengo.

Na mtini ulioota ukutani msiung'oe. Mzizi umeingia kati ya mawe, mkiuvuta mnavuta ukuta. Kateni shina, toboeni kisiki mtie dawa ya kuua miti, subirini hadi mizizi ife, ndipo mwondoe kinachotoka kwa urahisi na mjaze mashimo kwa chokaa.

#8 Kivuko_Bweni

Nashukuruni. Saruji imeshafutwa kwenye mpango, fundi amekasirika kidogo. Karatasi je? Kuna familia mbili wana masanduku: hati za mashamba ya minazi, barua za herufi za Kiarabu, risiti za Kijerumani, vitabu vya dini. Wanataka tuzipige laminesheni zisiharibike zaidi.

#9 Kalamu_ya_Mwanzi

Laminesheni hapana. Hairudishwi nyuma, na joto lake linapika karatasi. Selotepu hapana pia, gundi yake inageuka kahawia na kutoboa wino. Naftalini nayo hapana, mtaugua nyie kabla ya mende.

Karatasi msizihamishe nyumbani kwa watu. Pelekeni vifaa, mzipige picha hapo sebuleni mbele ya wenyewe, mwondoke na picha tu. Familia ikiona sanduku limebaki, sanduku la pili linatolewa chini ya kitanda.

Kwanza angalieni wadudu. Sanduku lenye unga wa mbao au vijitundu vipya, karatasi ziingie mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, ndani ya friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Zikitoka msifungue mfuko kwa saa 24 hadi zirudi kwenye joto la chumba, la sivyo hewa yetu ya pwani itazilowesha. Fimbo ya kupigia picha iwe imesimama wima juu ya meza, mwanga wa dirisha kutoka kushoto na kulia, flashi imezimwa, rula pembeni. Ukurasa uliokunjwa usiulazimishe, piga vipande viwili. Mikono mikavu iliyooshwa ni bora kuliko glavu za kitambaa, glavu zinararua kingo. Penseli tu mezani. Kikombe cha chai kikae chumba kingine.

Mkiwa na skana: picha za zamani za karatasi dpi 600 (nukta kwa kila inchi), barua dpi 400, hifadhini TIFF kama asili na JPEG ya kutumia. Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja isikae Pangani. Jina la faili libebe namba ya familia na ya ukurasa, kama PGN-K02-0017. Mkiandika "barua ya babu mpya2" mmezika.

Sasa tarehe, hapa ndipo wengi wanapoanguka. Barua ikisema "mfunguo nne" si Aprili. Miezi ya Waswahili inahesabiwa baada ya Ramadhani: mfunguo mosi ni Shawwal, mfunguo nne ni Muharram, mfunguo tisa ni Jumada ya pili, ndipo zinakuja Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mwaka wa Hijria zidisheni kwa 0.97 mjumlishe 622 mpate makadirio. Mwaka 1306 unaangukia 1888 na 1889, ndiyo miaka ya vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kwa hiyo mkiiona 1306 kwenye hati ya Pangani kaeni chini mwisome polepole. Andikeni tarehe kama ilivyo kwenye hati, na ya kukadiria pembeni kwenye mabano. Kamwe msibadilishe ya kwanza.

Fedha nayo inasaidia. Risiti ya rupia na pesa, ambako rupia 1 ni pesa 64, ni ya kabla ya 1904. Ikitaja heleri, rupia 1 kwa heleri 100, ni ya baada ya hapo. Shilingi ni ya kuanzia wakati wa Mwingereza. Karatasi isiyo na mwaka imeshajitaja umri wake hivyo.

Mkitaka upande wa serikali, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya Kijerumani yenye alama ya G pamoja na vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Nendeni na orodha ya majina ya mashamba na mitaa yaliyoandikwa kwa tahajia zote mnazozijua. Mkifika kule na swali la "historia ya Pangani" mtapewa rundo na siku itaisha.

#10 Amu_Kongwe

Kutoka Lamu nawasalimu. Sheria yetu ni nyingine, ya Makumbusho na Turathi ya 2006, lakini wazee ni walewale.

Kurekodi: simu inatosha mkitumia maikrofoni ya kubana nguoni, umbali wa sentimita 20 kutoka mdomoni. WAV, biti 24, 48 kHz, saa moja ya njia moja ni kama nusu gigabaiti. Zimeni feni, sogezeni jogoo, epukeni nusu saa kabla ya adhana. Dakika 60 zikitosha simamisheni, mzee amechoka hata kama hasemi. Ridhaa irekodiwe mwanzoni kwa sauti yake: jina, tarehe, anaruhusu nini na nini kisitoke hadi lini. Kisha andikeni ukurasa mmoja wa muhtasari siku hiyohiyo. Kunakili neno kwa neno kunakula saa 5 hadi 8 kwa kila saa ya sauti, na mkiacha rundo lifike kumi hamtalimaliza.

Msiulize "zamani mji ulikuwaje?" Mtapata hotuba ya dakika 40 kuhusu vijana wa leo. Chukueni ramani ya daftari lenu muulize: duka la kona hii lilikuwa la nani, liliuza nini, mlango ulielekea wapi, mzigo ulishushwa upande gani. Kwa nyie, ulizeni mashamba ya katani: nani alikuwa manamba (kibarua wa mkataba), alitoka wapi, kipande (kadi yake ya kazi) kilikuwa cha kazi kiasi gani. Mkonge wa nchi hii ulianzia hapo kwenu. Miche 62 iliyosalia ya Richard Hindorf ilipandwa Kikogwe 1893, na maneno ya kiwandani yanazikwa na wazee haohao.

Na mkishika nyumba, ulizeni kwanza kama ni ya wakfu. Wakfu hauuzwi wala haugawanywi, na ahadi ya anayekaa ndani haina uzito.

#11 Kivuko_Bweni

La mwisho kutoka kwangu. Tunataka kibao kimoja cha maelezo, cha Abushiri. Wajumbe wamegawanyika: "uasi", "vita vya ukombozi", au "vita vya Mjerumani"?

#12 Daftari_Kwanza

"Uasi wa Waarabu" lilikuwa jina la Wajerumani wenyewe, na lilikuwa na kazi kwao: kuonyesha kwamba wanapigana na wauza watumwa wachache. Waliosimama Agosti 1888, von Zelewski wa kampuni ya Kijerumani alipotaka bendera yake ipande Pangani, hawakuwa Waarabu peke yao. Kinyume chake, "ukombozi" nalo ni neno la baadaye na linaficha mivutano ya wenyewe kwa wenyewe mjini.

Andikeni matendo na tarehe, jina la vita mliache kwa walioishi wakati huo. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy ameutungia utenzi, "Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima". Neno "kutamalaki", yaani kuitwaa na kuitawala nchi, linasema yote, nanyi hamjaegemea popote. Kwa hiyo: Aprili 1888 Sultani Khalifa aikodisha kampuni ya Kijerumani pwani ya Mrima. Agosti 1888 mji wakataa. Julai 1889 jeshi la Kijerumani la Wissmann laingia Pangani. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri bin Salim anyongwa hapahapa. Maneno 80 yanatosha, Kiswahili juu na kikubwa, lugha ya wageni chini.

#13 Boriti_Nane

Na hicho kibao msikipigilie misumari kwenye ukuta wa Boma. Msumari wa chuma hewa ya bahari inaufanya ushike kutu, unatanuka, unapasua jiwe. Simamisheni nguzo mbili nje, mita 1 na nusu kutoka ukutani, uso wa kibao ulale kidogo kuelekea msomaji na usitazame magharibi, jua la jioni linababua wino. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Zile zinazong'aa za dukani za bei rahisi mvua mbili tu zinatoa machozi ya kahawia juu ya maandishi.